Ukufunzi wa kupanda miamba Eastlands: Anzeni chini

KIJANA mmoja wa mtaa wa Umoja alinijia majuzi akiwa na daftari mkononi. Amewahi kuwabebea wageni mizigo Mlima Kenya, na huko alijifunza kufunga kamba na kupanda mwamba. Sasa anataka kufungua biashara ndogo ya kuwafundisha wakazi wa Eastlands mchezo huo. Amejiwekea akiba ya Sh80,000. Katika daftari lake alikuwa ameorodhesha kamba, mishipi, helmeti na nauli ya kwenda Lukenya. "Mzee," akaniuliza, "unadhani watu watakuja?"

Nilimwambia kwamba watakuja. Vijana wa Eastlands hawajawahi kukosa hamu ya jambo jipya. Swali ambalo halikuwa katika daftari lake ni kama wote watakaokuja watarudi nyumbani wakiwa wazima.

Huenda msomaji akashangaa ni kwa nini ukurasa wa afya unashughulikia biashara ya miamba. Jibu ni rahisi. Hii ni biashara ambayo mwenyewe hushika uhai wa mteja mikononi mwake, kama mkunga au dereva wa matatu. Ikiendeshwa vyema, itawapa afya watu ambao hawana hata uwanja wa kukimbilia. Ikiendeshwa ovyo, itawapeleka Hospitali ya Mama Lucy Kibaki kwa machela.

Watoto wanapanda tayari

Kwanza niseme wazi kwamba naliunga mkono wazo la kijana huyu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku, kwa wastani, za kuchangamsha mwili, na watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mtoto wa Kayole au Huruma anayeishi orofa ya tano, katika jumba lisilo na ua, atazipata wapi dakika hizo? Viwanja vingi tulivyochezea zamani vimegeuka majumba, vibanda au maegesho ya magari.

Kwa hivyo watoto hujitafutia. Hupanda kuta za shule, hupanda matangi ya maji, na wale wa upande wa Njiru na Kayole huenda kwenye machimbo ya mawe. Mzazi asidanganyike kwamba ukuta wa machimbo ni mwamba wa kupandia. Umepasuliwa kwa baruti na nyundo, mawe yake yamelegea, na aghalabu chini yake kuna maji yaliyotuama ambayo kina chake hakijulikani. Watoto wamekufa maji katika mashimo kama hayo mara nyingi. Mtu akiwafungulia mahali salama pa kupanda, hatakuwa amewaletea hatari mpya bali atakuwa amewaondoa katika hatari ya zamani.

Wala mtu asiseme kwamba huu ni mchezo wa Wazungu. Ni kweli kwamba Klabu ya Mlima ya Kenya, yenye makao yake katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilianzishwa mwaka 1949 wakati wa ukoloni. Lakini aliyepeperusha bendera ya uhuru Mlima Kenya mnamo Desemba 1963 alikuwa Kisoi Munyao, mwana wa nchi hii. Na mnamo Mei 2022 James Kagambi, mwalimu wa wapanda milima kwa miaka mingi, alifika kilele cha Everest akiwa na umri wa miaka 62. Kupanda kuta na miamba nako kuliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na Afrika Kusini ilipeleka wapandaji wawili.

Faida zake kwa mwili hazina ubishi. Mpandaji hutumia miguu, mgongo, tumbo, mabega na vidole kwa pamoja. Hujifunza kusawazisha mwili na kupumua taratibu akiwa na hofu. Nchini Ujerumani, watafiti wa mji wa Erlangen wamewatumia wagonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, mazoezi ya kupanda kuta fupi kama sehemu ya tiba, na matokeo waliyoanza kuyachapisha 2015 yalionyesha nafuu. Sisemi kwamba ukuta ni dawa ya kumwachisha mgonjwa vidonge vyake. Nasema kwamba kijana asiye na kazi, anayeshinda kibarazani akitazama magari, ana haja ya kitu kitakachomlazimu kusahau shida zake kwa saa moja.

Ukuta kabla ya mwamba

Hapa ndipo mimi na kijana wa Umoja tulipotofautiana. Yeye alitaka kuanza na Lukenya, kilima kile chenye majabali kilicho ng'ambo ya Athi River kwenye barabara ya Mombasa, ambako wanachama wa klabu wamepanda kwa miongo mingi. Baadaye angewapeleka wateja Hell's Gate, Naivasha. Mimi nasema aanze na ukuta wa mbao wa mita tatu katika ukumbi wa mtaa.

Sababu yangu ya kwanza ni ya kibiashara. Lukenya ni safari ya siku nzima, na mkazi wa Eastlands mwenye mshahara wa kawaida hawezi kulipia safari hiyo kila Jumamosi. Ukuta ulio mtaani hufikiwa kwa miguu. Tuseme watoto 15 wanakuja mara tatu kwa wiki na kila mmoja analipa Sh100. Hizo ni Sh4,500 kwa wiki, kabla ya kulipia ukumbi. Si utajiri, lakini ni pesa zinazokuja mvua ikinyesha au jua likiwaka.

Sababu ya pili ni ya kiafya. Anayeanza hujifunza vyema karibu na ardhi. Hujifunza kuweka mguu, kugeuza kiuno, na zaidi ya yote hujifunza kuanguka: kutua kwa miguu yote miwili, kukunja magoti, na kubingirika badala ya kujizuia kwa mkono. Wakufunzi wa sarakasi, ambao Eastlands imewatoa kwa wingi, wanaijua elimu hiyo na wanaweza kusaidia.

Hata hivyo, ukuta mfupi una hatari zake. Kwenye ukuta usio na kamba, kila anayeanguka huanguka hadi chini. Vifundo vya miguu na viwiko ndivyo huumia zaidi. Magodoro ya kawaida ya kulalia hayafai yakiwa peke yake, maana mtu akianguka hubonyea hadi sakafuni. Panahitajika sponji nzito ya unene wa sentimita 30 hivi, iliyofungwa pamoja ili pasiwe na nafasi katikati. Nafasi hiyo ndiyo huvunja miguu. Na asiruhusiwe mtu yeyote kukaa au kupita chini ya anayepanda.

Watoto nao wana jambo lao. Mifupa ya vidole vya kijana anayekua ina sehemu laini ambazo huumia zikilemewa. Mkufunzi asiwaning'inize watoto kwa ncha za vidole ili waonekane mashujaa. Mtoto akilalamika kwamba kidole kinauma kwenye kiungo, apumzishwe na apelekwe kwa daktari. Pete zivuliwe, kwa sababu pete ikinasa mahali inaweza kung'oa kidole. Kucha zikatwe. Na kila zoezi litanguliwe na dakika 10 au 15 za kupasha mwili joto.

Vifaa si vya kubahatisha

Niliposoma orodha ya kijana yule niliona ameandika "kamba - Gikomba". Nilimwomba aifute.

Siwadharau wauzaji wa mitumba. Hata koti nililovaa lilitoka huko. Mtu akinunua koti lililochoka, litapasuka begani naye atalishona. Kamba ikichoka, haionyeshi. Inaweza kuwa imekaa juani miaka mingi, au imemwagikiwa asidi ya betri ndani ya gari, na bado ikang'aa kama mpya. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 kwa kamba na mishipi, hata isipotumika. Kifaa kisichojulikana kilikotoka wala umri wake hakifai kumbeba mtoto wa mtu.

Kamba ya kupandia si sawa na ya katani au ile ya kufungia mizigo kwenye lori. Imeundwa inyumbuke ili ipunguze kishindo cha mtu anayeanguka. Kwa viwango vya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, kamba moja hupimwa kwa kuangushiwa uzito wa kilo 80 na ni lazima ihimili mianguko mikali isiyopungua mitano. Zile pete za chuma zinazofunguka na kujifunga, karabina, ni lazima zihimili nguvu inayolingana na uzito wa tani mbili hivi, na nguvu hiyo huchapwa juu ya chuma chenyewe. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji ni hodari, na wanaweza kuunda fremu ya ukuta itakayodumu miaka. Lakini wasiombwe kuunda karabina, kwa kuwa hawana mashine ya kuipima.

Helmeti ya mjengo pia haifai, wala ya bodaboda. Inunuliwe ile iliyotengenezwa kwa wapandaji, yenye mkanda wa kidevuni. Haikingi mianguko tu. Hukinga pia jiwe linaloporomoka kutoka juu.

Vifaa bora navyo havitoshi bila mazoea mema. Kabla ya mtu kupanda, yeye na mwenzake wanaoshika kamba hukaguana: kifungo cha mshipi, fundo la namba nane, karabina iliyofungwa, kamba iliyopita ilivyostahili. Wakaguane kila mara, hata wakiwa na haraka, hata mpandaji akiwa mwalimu mwenyewe. Wazoefu wamekufa kwa sababu ya fundo ambalo halikumalizwa, kwa kuwa mtu aliitwa akageuka kuzungumza.

Hesabu inayoua

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nataka kila anayefikiria biashara hii alikumbuke. Tuseme mkufunzi amepata wateja wanane wa kwenda Lukenya, kila mmoja kwa Sh1,500. Amepokea Sh12,000. Matatu na mafuta ni Sh5,000. Mkufunzi wa pili ni Sh2,000. Maji, chakula na sanduku la huduma ya kwanza Sh800. Akiba ya kununua kamba nyingine Sh1,500, na ya bima Sh700. Zimetumika Sh10,000, naye amebaki na Sh2,000 kwa siku nzima juani.

Shetani atamnong'oneza hivi: matatu ina viti 14, mbona usichukue watu 12? Na huyo mkufunzi wa pili ni wa nini? Akimsikiliza, atapokea Sh18,000 na kubaki na karibu Sh10,000. Kwenye karatasi biashara imenoga. Kwenye mwamba, watu 12 wanaoanza wanaangaliwa na macho mawili. Yeye akiwa anamfunga mmoja kamba, mwingine amefika ukingoni kupiga picha, na wa tatu anamshikia mwenzake kamba huku akisoma simu.

Katika biashara nyingine, kuongeza wateja ni maendeleo. Katika hii, faida yote ya wateja wanne wa ziada inaweza kumezwa na mguu mmoja uliovunjika, bila kutaja mgongo. Kwa hivyo naushikilia msimamo huu: idadi ya wanafunzi iamuliwe na idadi ya wakufunzi, kamwe isiamuliwe na viti vya matatu. Kila kamba iwe na mkufunzi wake. Bei ikishindikana, safari ifanywe mara moja kwa mwezi na ukuta wa mtaani ubebe gharama. Na mteja anayekuja akinuka pombe, au aliyekesha akitafuna miraa, arudishiwe pesa zake.

Mkufunzi awe pia na ujasiri wa kufuta safari. Mnamo Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba waliokuwa wakitembea kwenye korongo la Hell's Gate. Hawakuwa wakipanda, lakini funzo ni lilelile: mvua inaweza kunyesha mbali na maji yakakufikia ulipo. Mwamba uliolowa huteleza, na radi haibagui.

Ajali ikitokea

Mkufunzi asiyejua huduma ya kwanza asifungue biashara. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo, na pesa za kwanza kutoka zile Sh80,000 ziende huko na kwa mafunzo ya kupanda chini ya watu wenye uzoefu. Kubeba mizigo Mlima Kenya ni kazi ya heshima, lakini kujua kupanda si kujua kufundisha.

Mtu akianguka kutoka juu, asinyanyuliwe upesi wala kuketishwa apewe maji. Achukuliwe kuwa ameumia uti wa mgongo hadi ithibitishwe vinginevyo. Kichwa na shingo visisogezwe, ila tu kama hapumui au mahali pale pana hatari. Simu ipigwe: nambari za dharura ni 999 na 112, na ya ambulensi za Msalaba Mwekundu ni 1199. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mshipi ateremshwe haraka, kwa sababu damu hukwama miguuni. Kabla ya kuondoka nyumbani, mkufunzi awe anajua hospitali ya karibu ni ipi na ni gari gani litakalompeleka mgonjwa. Asiseme matatu itarudi saa kumi.

Kila mteja aulizwe kwa faragha kuhusu pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, kisukari, ujauzito na kuvimba vibaya akiumwa na nyuki. Maswali haya si ya kumfukuza. Mwenye pumu anaweza kupanda akiwa na pampu yake mfukoni. Mwenye kifafa anahitaji ushauri wa daktari kwanza.

Makaratasi yasipuuzwe. Jina la biashara lisajiliwe, kibali cha kaunti kitafutwe, bima ya ajali na ya madhara kwa wateja inunuliwe, na wakufunzi wenyewe wajiandikishe kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wateja kutia sahihi kwamba wamekubali hatari ni vyema, lakini sahihi haiungi mfupa. Mahali panapofunzwa watoto, pawe na idhini ya mzazi, pawe na watu wazima wawili kila wakati, na kila mkufunzi awe na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Mshipi hufungwa kiunoni na mapajani. Mtoto afundishwe kujifunga mwenyewe, naye mkufunzi akague bila kumshikashika.

Kaunti ifungue milango

Nina ombi kwa serikali ya Kaunti ya Nairobi. Eastlands ina kumbi za kijamii zilizojengwa na halmashauri za zamani, kama ule wa Kaloleni. Katika kumbi kama hizo mabondia wetu walijifunza ngumi. Shirika la michezo la vijana wa Mathare, MYSA, lilianza 1987 kwa mpira na kuzoa taka mitaani, na limewalea vijana wengi. Kumbe kinachohitajika si mamilioni. Ni ukuta mmoja wa ukumbi, ruhusa ya maandishi, na kodi ambayo kijana anaweza kuilipa. Kaunti nayo idai cheti cha huduma ya kwanza na bima kabla ya kutoa kibali, ili anayejali usalama asishindwe na mwenye bei ya chini.

Na nina ombi kwa wazazi. Kabla ya kumpeleka mwanao kwa mkufunzi yeyote, nenda wewe kwanza. Muulize kamba ilinunuliwa lini, ni wanafunzi wangapi kwa kila mkufunzi, na nani alimfundisha. Mkufunzi mwema atafurahi kujibu. Akikasirika, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani.

Kijana wa Umoja alikuja tena wiki iliyopita. Daftari lake lina orodha mpya. Mstari wa kwanza ni mafunzo ya huduma ya kwanza, wa pili ni mbao na sponji, wa tatu ni bima. Kamba imeshuka hadi mstari wa sita, na mbele yake ameandika "mpya". Alionekana kusikitika kidogo kwamba Lukenya itangoje mwaka ujao. Nilimwambia asihuzunike. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila aliyempandisha anashuka kwa miguu yake mwenyewe.